Raleigh ya babu na namba sitini

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu, na nyie wachache mlioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, nawashukuru. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Sengerema kwa msiba wa babu. Tulipomaliza matanga nikabaki siku nne zaidi kwa sababu ya baiskeli. Ndiyo, baiskeli. Kaeni mkao wa kula, habari yenyewe ni ndefu kidogo.

Nianze na kosa langu. Katika ukoo wetu mwandishi wa habari ni mimi peke yangu, kwa hiyo kazi ya kuandika wasifu wa marehemu nilipewa mimi bila kuulizwa. Niliuandika usiku wa kuamkia mazishi, nikimuuliza huyu na yule huku watu wakiota moto nje. Kuna sehemu niliandika hivi: mwaka 1956 marehemu alinunua baiskeli aina ya Raleigh kwa fedha zake za pamba, na mwaka 1958 aliipanda hadi Mwanza kuungana na wananchi wa Geita waliokwenda kudai haki yao. Uliposomwa, watu waliitikia kwa kuguna kwa kuridhika. Nami nikajisikia mwandishi kweli kweli.

Kwa wasomaji wasiojua habari za 1958, niwape kwa ufupi. Sengerema wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Geita. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, lakini huku Usukumani serikali ya mkoloni iliinyima ruhusa ya kufanya kazi kuanzia mwaka huohuo mpaka 1958. Watu wakabaki na vyama vyao vya ushirika wa pamba, ambavyo mwaka 1955 viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na Paul Bomani akiwa kiongozi wake anayejulikana zaidi. Halafu serikali ikaja na mpango wa halmashauri ya mseto, yaani Waafrika, Wahindi na Wazungu wakae baraza moja la wilaya. Watu wa Geita wakaona hapo ardhi yao inakwenda na maji. Maelfu wakafunga safari kwenda Mwanza kusema hawataki. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Katika vitabu vya shule nilivyosoma mimi jambo hili halikupata hata nusu ukurasa, lakini kwetu hakuna mzee asiyelisimulia.

Sasa turudi kwenye baiskeli. Siku ya tatu baada ya mazishi baba mdogo alisema, kwa nia njema tu, kwamba ile baiskeli inakula nafasi ghalani na kijana wa vyuma chakavu hupita kila Alhamisi. Nikapandisha sauti, jambo ambalo si adabu mbele ya baba mdogo. Nikamwambia ile siyo chuma chakavu, ile ni historia, imetajwa hata kwenye wasifu! Akacheka. Akasema, basi ichukue wewe uipeleke Dar ukapande nayo daladala.

Nikaikokota hadi senta. Ilikuwa siku ya gulio.

Kama hujawahi kuona wazee wa Kisukuma na baiskeli zao siku ya gulio, umekosa kitu. Najua vichekesho vyenu vya mjini: Msukuma na baiskeli yenye vioo sita, maua ya plastiki kwenye usukani, redio imefungwa kwa mpira na kipande cha mpira nyuma ya madigadi kimeandikwa maneno ya kumkoga jirani. Nimechekwa navyo tangu chuo. Lakini wanaochekesha hawaulizi kwa nini mtu aifanyie baiskeli yote hayo. Pamba inalipa mara moja kwa mwaka. Miaka ya 1950 bei ilipokuwa nzuri, mkulima alipokea fungu lake la msimu, akalipa kodi, akanunua nguo, kilichobaki akiangalie. Gari hakuliwaza. Ng'ombe alikuwa nao tayari. Baiskeli ndiyo mashine ya kwanza ambayo mtu wa jembe aliweza kuinunua kwa jasho lake na ikawa yake, asiazimwe na bwana yeyote. Ukiwa nayo unapeleka marobota yako ya pamba ya familia kwenye kituo cha kununulia bila kumbembeleza mtu, unamwahisha mgonjwa zahanati, unakwenda kuposa ukiwa msafi. Mimi naona kuipamba lilikuwa jambo la haki kabisa. Mwenye Benzi naye hung'arisha ile nyota.

Chini ya mwembe wa fundi, baiskeli zilikuwa kama kumi na mbili zimesimamishwa kwa mstari. Nilisalimia, "Mwadila!", nikapokea majibu na maswali ya pole, kisha macho yote yakahama kutoka kwangu kwenda kwa Raleigh. Hawakuniuliza tena habari za Dar.

Mmoja alianza kwa kuisifia yake, Phoenix ya Shanghai, aliyoinunua enzi za Ujamaa. Akapiga fremu kwa ukucha tusikie mlio. Mwingine akasema Phoenix ni nzito kama maksai, akatuonyesha Hero yake ya Ludhiana, India, akasifia keria kwamba imebeba gunia la mpunga na mama mkwe siku moja. Wa tatu alikuwa na Swala, ile iliyotengenezwa Dar es Salaam na kiwanda chetu cha NABICO. Wenzake walimtania sana, lakini aliitetea kwa hasira ya kweli. Alisema baada ya vita vya Kagera, 1979 na kuendelea, tairi lilikuwa likipatikana kwa kibali, na wenye Raleigh zao walizitundika ukutani kama picha huku yeye na Swala yake akienda shamba. Nani alikuwa na baiskeli hapo? Wakanyamaza. Kwa kweli hoja hiyo haikujibiwa mpaka naondoka.

Ilipofika zamu yangu, niliwasimulia yale ya kwenye wasifu. Walikuwa wameyasikia makaburini. Mzee mmoja, ambaye ujana wake wote aliuza spea katika duka la Mhindi mjini Mwanza, aliinama akaanza kuikagua Raleigh kama daktari. Alinionyesha mambo ambayo nilikuwa nayatazama tangu utotoni bila kuyaona. Lile gurudumu la meno linaloshika cheni limekatwa umbo la vichwa vya korongo, alama ya Raleigh, iliyotokana na nembo ya ukoo wa Frank Bowden aliyeinunua ile karakana ndogo ya Nottingham na kuijenga kuwa kampuni. Jina lenyewe la Raleigh ni la mtaa karakana ilipokuwa. Breki zake ni za vyuma vilivyonyooka, siyo waya. Kisha akaniambia nihesabu spoku. Mbele 32, nyuma 40. "Mwingereza hivyo," alisema. "Mzigo unakaa nyuma, nyuma ndiyo inaongezwa nguvu." Mimi mwenye shahada nilikuwa sijawahi kuhesabu.

Halafu akagusa habu ya nyuma, lile bomba nene katikati ya gurudumu, iliyoganda mafuta na vumbi la miaka. "Babu yako alikuwa na gia tatu," alisema, na wenzake wakaguna. Gia tatu haikuwa mchezo. Ni kazi ya kiwanda cha Sturmey-Archer, hukohuko Nottingham, ambacho kilianza kutengeneza habu za gia tatu mwanzoni mwa karne ya 20. Meno yote yamefichwa ndani ya habu, kwa nje unaona kijimnyororo kidogo tu kinachoingia kwenye ekseli. Baiskeli nyingi zilizokuja huku zilikuwa za gia moja. Mwenye tatu alipanda mlima ameketi, wenzake wamesimama juu ya pedali.

Fundi akaleta kitambaa na mafuta ya taa. Mzee akasugua, akasugua, akaniita nisome kwa kuwa macho yake hayaoni karibu. Nikasoma: AW. Chini yake, 60. Na 3.

Akanyanyuka taratibu. "Habu hizi zinapigwa muhuri kiwandani, mwaka na mwezi. Hiyo ni Machi, 1960."

Wasomaji wangu, nilihisi jasho. Kama gurudumu lilizaliwa Uingereza Machi 1960, lilifikaje Mwanza 1958? Na kwenye wasifu nimeandika, na umesomwa mbele ya katekista na mwenyekiti wa kijiji, na nakala imewekwa kwenye bahasha pamoja na cheti cha kifo.

Wazee wakagawanyika pale pale, na ubishi ukawa mtamu. Mwenye Swala alisema muhuri ni wa habu, siyo wa baiskeli. Babu angeweza kununua Raleigh ya gia moja 1956, halafu pamba ilipokubali akaivisha gurudumu la gia, kama mtu anavyobadili paa la nyasi kuwa la bati. Muuza spea alikataa. Alilegeza bangili ya chuma inayoshika waya wa gia kwenye bomba la juu la fremu. Chini yake rangi nyeusi ilikuwa inang'aa kama jana na mstari wa dhahabu haujafutika, wakati sehemu nyingine zote zimechubuka. "Hii bangili ilifungwa fremu ikiwa mpya," alisema. Mwenye Swala akajibu kwamba babu alikuwa mtu wa kufuta baiskeli yake kwa kanga ya bibi kila jioni, kwa hiyo hata baada ya miaka minne ingekuwa mpya. Hilo nalo ni kweli, nakumbuka ile kanga. Tukageukia namba ya fremu chini ya siti, lakini namba za fremu za Raleigh za miaka ile hazikutaji mwaka waziwazi kama habu inavyofanya, na hii yetu kutu ilikuwa imekula tarakimu mbili.

Nikarudi nyumbani jioni nikiwa nimeshindwa na kipande cha chuma. Kazini nimefundishwa kwamba habari ya mtu mmoja tafuta wa pili, na wa pili tafuta karatasi. Kwa msiba wa babu yangu mwenyewe sikufanya hivyo. Nilisikia hadithi nzuri nikaiandika.

Na mtu ambaye sikumuuliza kabisa alikuwa bibi. Usiku ule wa wasifu alikuwa amelala ndani na wanawake wenzake, nikaona nisimsumbue. Basi nikamfuata jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikamwamkia, nikauliza kwa kuzunguka. Hakuzunguka yeye.

"Hiyo ni ya pili," alisema. "Ya kwanza ilikuwa Hercules."

Hercules! Katika familia yetu sikuwahi kulisikia neno hilo. Nikajua baadaye kwamba ni baiskeli za Birmingham, zilizokuwa zikiuzwa sana makoloni kwa sababu ya unafuu wa bei, na kwamba mwaka 1960 Raleigh na Hercules ziliwekwa chini ya kampuni moja. Lakini wakati ule nilitaka kujua jambo moja tu. Ilikwenda wapi?

"Alikwenda nayo Mwanza, kwenye yale mambo yao. Akarudi kwa miguu."

Nikauliza kama ilichukuliwa na polisi, ama ilipotea watu walipokimbia moshi, ama aliiuza apate nauli ya kivuko cha Busisi. Bibi alichochea moto. Alisema babu alirudi siku ya tano, miguu imevimba, hakusema kitu juu ya baiskeli, na yeye hakumuuliza kwa sababu aliona sura yake. Misimu miwili baadaye alinunua Raleigh, akamwambia kwamba safari hii ni ya gia tatu, hakuna atakayemkuta nyuma. Ndiyo hivyo tu. Miaka zaidi ya sitini ndani ya nyumba moja na jambo hilo halikuongelewa tena.

Kwa hiyo mwaka wangu wa 1956 huenda ni sahihi, lakini baiskeli siyo hiyo. Safari ya 1958 ni kweli, baiskeli siyo hiyo. Na ile fahari yote ya wazee chini ya mwembe, kusugua, kuhesabu spoku, kubishana juu ya bangili, ndiyo iliyonifikisha jikoni kwa bibi. Bila wao ningeendelea kusimulia uongo mzuri mpaka kwa watoto wangu.

Nilitoa nakala ya wasifu kwenye bahasha, nikafuta kwa kalamu mstari ule, nikaandika upya pembeni: Hercules 1956, haikurudi, Raleigh 1960 au baada yake kidogo. Baba mdogo alisoma, akatikisa kichwa, akasema sasa hata kijana wa vyuma chakavu hataelewa. Lakini Raleigh haikuuzwa. Fundi ameifunga tairi mpya za India, na iko kwake kwa sasa, imesimamishwa kwenye ule mstari siku za gulio. Nikirudi Desemba nitaipanda mpaka Busisi nivuke lile daraja lililofunguliwa 2025, mahali alipovuka yeye kwa kivuko.

Na kwako wewe unayesoma ukiwa Mwanza: kama babu yako alikuwa polisi, au mwenye duka, au alijipatia baiskeli mwaka 1958 bila kueleza vizuri aliipataje, sina ugomvi na mtu. Niandikie tu. Ni Hercules. Bibi anasema ilikuwa nyeusi, na kengele yake ilikuwa na ufa.