Nani analipia chanjo ya mtoto wa Bujumbura

Februari 24, 1958, Bujumbura ingali inaitwa Usumbura na Wabelgiji wangali wanaitawala Ruanda-Urundi, watu walianza kupangwa foleni katika bonde la Rusizi, ng'ambo zote mbili za mto. Kila aliyefika mbele alifungua kinywa, akapuliziwa mililita moja ya maji yenye virusi vya polio vilivyodhoofishwa, akapisha wa nyuma yake. Kufikia Aprili 10, watu 215,504 walikuwa wamekwisha kupita, wakubwa kwa watoto. Bonde lote likawa limechanjwa kwa wiki sita.

Hakuna aliyelipa hata senti moja. Wala hakuna aliyeombwa idhini kwa namna ambayo leo tungeiita idhini. Chanjo hiyo iliitwa CHAT. Mtengenezaji wake, Hilary Koprowski wa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, alikuwa bado anaijaribu na alihitaji watu wengi. Mwaka 1960 Marekani iliiacha ikachagua ile ya mpinzani wake, Albert Sabin, ambayo ndiyo mama wa matone waliyopewa watoto wetu wengi. Katika miaka ya 1990 yakazuka madai kwamba CHAT ndiyo iliyoleta UKIMWI. Sampuli zilizokuwa zimehifadhiwa zilipimwa, nasaba za virusi zikachunguzwa, na kufikia 2004 wanasayansi walikuwa wameyakanusha madai hayo kwa ushahidi ulio wazi. Hata hivyo mimi siwalaumu wazee ambao bado wanainua nyusi wakisikia chanjo ya bure. Bure waliyoijua kwanza ilikuwa ya amri.

Chanjo kama huduma ya kudumu, yenye kadi na tarehe ya kurudi, ilikuja baadaye sana. Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa chanjo kwa watoto wa nchi zote mwaka 1974, na Burundi ikaanzisha wake, ambao hapa tunauita PEV kwa herufi zake za Kifaransa, mwaka 1980. Magonjwa yaliyolengwa yalikuwa 6: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Tangu hapo njia ya chanjo ni ileile. Inashuka kwenye ndege Bujumbura, inalala kwenye ghala la baridi la PEV, wilaya za afya zinakuja kuchukua mgao wao, na kutoka wilayani inafika kwenye kituo cha afya, kiwe cha serikali au cha parokia. Mama halipi dawa iliyomo ndani ya sindano.

Miaka ya 1980 ilikwenda vizuri kiasi cha kuwadanganya watu. Surua ilipungua haraka, wodi zikapumua. Kisha mwaka 1988 ikalipuka Muyinga, kaskazini mashariki, mahali ambapo watoto wengi walikuwa wamechanjwa. Watafiti wakiongozwa na Robert Chen walieleza jambo hilo mwaka 1994, na maelezo yao bado yanafaa kusomwa na kila anayegawa bajeti ya afya. Dozi moja ya surua katika umri wa miezi 9 haimkingi kila mtoto. Kati ya 100, wapatao 15 hubaki wazi. Ugonjwa unapokuwa haba, hao hawaupati utotoni, wanaongezeka kimyakimya mwaka hadi mwaka pamoja na wale ambao hawakuchanjwa kabisa, mpaka wanatosha kuwasha moto. Miaka michache ya utulivu haikuwa dalili kwamba surua imekwisha. Dawa yake ni dozi ya pili, ambayo Burundi iliiingiza kwenye ratiba mwaka 2013. Kati ya Muyinga na dozi hiyo ni robo karne, na sehemu kubwa ya robo karne hiyo ililiwa na vita.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mji wa Bujumbura ulikatwa vipandevipande. Mtaa wa Kamenge ulibomolewa, mitaa ikatengwa kwa kabila, na kulikuwa na siku mwaka 1995 ambapo vijana waliufunga mji mzima kwa mawe na bunduki. Chanjo inataka mama huyohuyo arudi kituo kilekile baada ya wiki 4, kisha baada ya wiki 4 nyingine. Mama aliyekimbia kutoka mtaa wa Kinama hakuwa na kituo cha kurudi. Mwaka 1996 nchi jirani zikatuwekea vikwazo, na mwaka 1999 wakazi wapatao 300,000 wa Bujumbura Vijijini wakakusanywa kwenye kambi juu ya vilima. Kiwango cha chanjo kiliporomoka. Kwamba hakikufika sifuri ni kazi ya wauguzi ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Lakini kipindi kinachoniuma zaidi ni kile cha baada ya Mkataba wa amani wa Arusha, kwa sababu, ingawa risasi hazikuwa zimenyamaza zote, uamuzi uliotuumiza hapo hatuwezi kuusingizia risasi. Mwaka 2002 serikali iliamua kwamba wagonjwa walipie gharama zote za matibabu. Chanjo ilibaki ya bure, ila ugonjwa wenyewe ukawa na bei. Mtoto aliyekosa sindano ya surua, akaugua surua ikamletea kichomi, aliletwa hospitalini, akatibiwa, kisha mama akazuiliwa asitoke mpaka ndugu walete pesa. Human Rights Watch walichapisha ripoti nzima kuhusu watu waliofungiwa hivyo mwaka 2006. Mama aliyepitia hayo alikuwa na kila sababu ya kukwepa jengo lolote lenye msalaba mwekundu mlangoni, hata siku ya chanjo.

Mei 1, 2006, Siku ya Wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 watatibiwa bure na kina mama watajifungua bure. Hospitali hazikuwa zimeandaliwa. Wodi zilifurika, dawa zikaisha, malipo kutoka serikalini yakachelewa. Mwaka 2010 mambo yalianza kunyooka pale huduma ya bure ilipounganishwa na mfumo wa kulipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika. Mojawapo ya kazi zinazohesabiwa ni mtoto aliyemaliza chanjo zote. Kituo kikiwa na jina lake kwenye daftari, kinapata pesa. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko wanavyolisifu, kwa kuwa ni mara ya kwanza muuguzi wa mtaani alikuwa na sababu ya mfukoni ya kumtafuta mtoto aliyekosekana.

Wakati huohuo orodha ya chanjo ilirefuka kwa msaada wa Gavi, ushirika wa chanjo ulioanzishwa mwaka 2000. Sindano moja yenye kinga 5 ilianza mwaka 2004, ya kuzuia kichomi mwaka 2011, na ya kuhara kwa rotavirus mwishoni mwa 2013. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulikuta watoto 83 katika kila 100 wenye umri wa miezi 12 hadi 23 wamepata chanjo zote za msingi. Ule wa 2016-2017 ukakuta 85. Katika tafiti hizohizo vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 96 hadi 78 kwa kila watoto 1,000.

Wale 15 katika kila 100 ambao hawakukamilisha chanjo ni kina nani? Wengine anawakosesha mtu aliye mwema. Kichupa cha surua kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake kinatakiwa kiishe ndani ya saa 6, la sivyo hutupwa. Kwa hiyo muuguzi hutazama benchi kabla ya kukifungua. Wakiwapo watoto 3 tu, huenda akawaambia kina mama warudi siku nyingine, asije akaulizwa juu ya dozi 7 zilizomwagwa. Mama anayeuza ndagala soko la Ruvumera, pale Buyenzi, ameacha meza yake asubuhi nzima, na harudi kirahisi. Muuguzi amefuata kanuni, chanjo ni ya bure, mtoto amekosa. Kwangu mimi bora dozi 7 zimwagwe.

Machi 17, 2023, serikali ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Mtoto wa miaka 4 wa Isale, Bujumbura Vijijini, ambaye hakuwa amechanjwa, alikuwa ameupata, pamoja na watoto wengine 2 waliokuwa karibu naye, na virusi vilikutwa pia katika maji taka. Vilitokana na virusi dhaifu vya chanjo yenyewe, ambavyo vikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa hubadilika vikarudisha makali. Vingine vya aina hiyo vilikutwa Kivu Kusini na Tanganyika, upande wa Kongo. Matone yakagawiwa tena, safari hii kwa watoto wa hadi miaka 7.

Rusizi haijawahi kuzuia ugonjwa kuvuka. Mlipuko wa surua ulioanza Novemba 2019 ulionekana kwanza kati ya wakimbizi wa Kongo katika kambi ya mpito ya Cishemere, Cibitoke, na Februari 2025 maelfu wengine waliuvuka mto huo wakikimbia vita vya Kivu.

Pesa nazo zinatoka mbali. Nchi maskini kama Burundi hutakiwa kuchangia senti 20 za dola kwa kila dozi inayoletwa na Gavi, na zilizobaki hulipwa na wafadhili. Juni 2025 Marekani, iliyokuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa, ilitangaza kwamba haitatoa tena. Petroli kwa ajili ya pikipiki zinazopeleka masanduku ya baridi vilimani haimo katika hizo senti 20. Hiyo ni juu yetu, na kwa miaka kadhaa sasa nchi hii imekuwa ikiitafuta petroli kwa foleni. Lita za pikipiki hizo zingetengwa kwanza, kabla ya za magari ya mikutano.