Nani Alisema Dishi Yako Lazima Iangalie Upande Mmoja?

Wasee, cheki paa za mtaa wenu. Umoja, Kisauni, Kondele, kote ni dishi. Nusu yazo zina kutu, waya umening'inia, na mwenyewe aliacha kulipia kitambo. Lakini bado zinaangalia pale pale zilipoelekezwa na fundi siku ya kwanza. Watu wanadhani ni lazima. Eti dishi ni ya kampuni kwa sababu imechorwa jina la kampuni.

Mimi nasema zii. Hiyo ni sahani ya chuma tu, na ulishailipia. Inakusanya mawimbi ya pale umeielekeza, basi. Na ukisoma historia yake, utaona kugeuza dishi ndiyo ilikuwa kawaida. Kuifunga upande mmoja ndiyo ilikuja baadaye, na ilikuja na biashara.

Tuanze na 1945. Mwandishi Mwingereza, Arthur C. Clarke, alieleza kwamba satelaiti ikiwekwa juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 35,786, itazunguka kwa muda ule ule dunia inajizungusha. Kwa hivyo ukiwa huku chini unaiona kama imesimama. Ndiyo maana unaelekeza dishi mara moja na unaenda kuketi.

Sasa hiyo ikweta inapita wapi? Si hapa kwetu! Maseno, Mogotio, Nanyuki. Satelaiti ya digrii 36 mashariki, ile inayobeba DStv, imening'inia karibu juu ya Mogotio, Baringo. Ndiyo maana ukiwa Nairobi, mawimbi yake yanashuka karibu wima kabisa. Na mwenye hiyo satelaiti ni Eutelsat, kampuni ya Ufaransa.

Wazee wetu waliliona hili mapema. Desemba 1976, kule Bogota, Colombia, Kenya ilitia sahihi tamko pamoja na nchi zingine za ikweta, kama Uganda, Zaire, Ecuador na Indonesia. Walisema kipande cha njia ya satelaiti kilicho juu ya nchi yako ni chako, kama vile ardhi ilivyo yako. Nchi zenye roketi zilikataa. Mkataba wa 1967 ulikuwa umeshasema hakuna nchi inayoweza kumiliki anga za juu. Tamko likabaki karatasi.

Mwaka huo huo wa 1976, profesa mmoja wa Stanford, Taylor Howard, alijenga dishi yake nyumbani California. HBO walikuwa wameanza kurusha matangazo kwa satelaiti 1975, na pambano la Ali na Frazier la Manila. Yalikuwa ya kampuni za kebo, si ya mtu wa kawaida. Lakini mawimbi hayajui yametumwa kwa nani. Howard akayanasa. Na hakuwa mwizi, aliwatumia HBO hundi ya dola 100. Wakamrudishia, eti wanafanya biashara na kampuni za kebo pekee.

Mwaka wa 1979 Marekani ikaondoa sharti la leseni kwa dishi za kupokea tu. Miaka ya themanini watu wa mashambani huko wakawa na madishi makubwa yenye mota, unabonyeza na inatoka satelaiti hii inaenda ile. Kugeuza ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

Halafu kufuli zikaja. Januari 1986 HBO ikaanza kufunga mawimbi yake kwa wanaopokea nyumbani, ukitaka unanunua kifaa na unalipa kila mwezi. Aprili, muuza dishi mmoja wa Florida aliyejiita Captain Midnight aliingilia matangazo ya HBO kwa dakika nne hivi, akilalamikia dola 12.95 kwa mwezi. Alipigwa faini. Baadaye zikaja dishi ndogo za bei nafuu: Sky Uingereza 1989, DirecTV Marekani 1994, DStv Afrika 1995. Zilikuwa poa, lakini zilifungwa zielekee mahali pamoja. Tukasahau kwamba zina bolti.

Basi tuzifungue. Chukua mfano wa Nairobi, unataka kutoka digrii 36 mashariki uende digrii 7 mashariki, ambako kuna Azam, uone Simba na Yanga. Pale juu ilikuwa wima, karibu digrii 88. Satelaiti mpya iko digrii 55 hivi kutoka usawa wa ardhi, upande wa jua linapozama. Chomoa dekoda kwenye stima kabla ya kugusa waya. Legeza bolti za nyuma, usizitoe. Geuza dishi iangalie magharibi, kisha uishushe. Usidanganywe na uso wake, kwa hizi dishi ndogo LNB imekaa upande wa chini, kwa hivyo mawimbi yanaingia kutoka juu zaidi ya pale sahani inaonekana kuangalia. Mtu mmoja akae kwa TV kwa ukurasa wa mawimbi, akupigie kelele. Sogeza kidogo sana, ngoja sekunde kadhaa, sogeza tena. Kwa umbali ule, digrii moja ni zaidi ya kilomita 600, unapita satelaiti bila kujua. Ukipata, zungusha LNB polepole hadi ubora upande, kisha kaza bolti. Na tafadhali, mabati yakiwa na maji au waya za stima zikiwa karibu, shuka.

Dekoda lazima iwe ya huko unakoenda, na chaneli za kulipia unalipia. Kuiba kadi ni kitu kingine, sitetei hiyo. Lakini kuna chaneli nyingi za bure huko juu, na hakuna sheria ya kukuzuia kuzitafuta.

Kwa nini najali? Januari 2018 serikali ilizima Citizen, NTV na KTN siku ya kiapo cha Raila Uhuru Park. Juni 25, 2025, tukiwa barabarani, mitambo ya Limuru ikazimwa tena. Mara zote mbili wengi wetu tulibaki na mlango mmoja, intaneti. Chaneli inayorushwa kutoka nje hadi kwa satelaiti haizimwi na swichi ya Limuru. Haitakuonyesha kila kitu, na yenyewe ina mwenyewe wake. Ila ni mlango wa pili.

Anga tuliidai kwa karatasi tukanyimwa. Kitu kilichobaki mikononi mwetu ni spana. Mimi naona jumapili moja, wewe na beshte yako, inatosha kujifunza kuitumia.