Safu ya Lugha: Kutiririsha na Kurusha
Kompyuta mpakato iko mezani, redio ya zamani ya spika mbili iko kabatini, na muziki unaruka kati yake bila waya. Kitendo hicho tukiiteje?

Wengi husema “kustrimu”. Wafasiri wa programu wametuletea “kutiririsha”, neno zuri kwa muziki wa intaneti, kwa sababu data hufika kidogo kidogo, mfululizo, na kusikika papo hapo. Lakini safari ya kutoka kompyuta hadi redio ni jambo jingine. Hapo kuna mawimbi ya gigahezi 2.4, yanayonaswa na kipokezi kidogo cha Bluetooth kilichochomekwa nyuma ya redio kwa waya wenye vichwa vyekundu na vyeupe. Kwa kazi hiyo tunalo “kurusha”, na watangazaji wetu wamelizoea: kurusha matangazo, kurusha mechi. Waliotutangulia hawakuhangaika pia. Mawasiliano ya redio waliyaita simu ya upepo, na kila mtu akaelewa.

Muziki hutiririshwa kutoka intaneti, kisha hurushwa hadi kwenye redio. Wahariri, tumieni maneno yote mawili, kila moja mahali pake.