Mafundi wa Nyumba Kisiwa Panza: Kutoka Boriti hadi Nondo

Kisiwa Panza ni shehia ya Wilaya ya Mkoani, kusini ya Pemba, na hufikiwa kwa chombo kutoka Chokocho. Mfuko wa saruji unaojengewa huko umepakiwa na kupakuliwa mara nyingi zaidi ya ule unaoishia kisiwa kikuu cha Pemba. Hali hiyo imeamua mambo mengi katika historia ya ujenzi wa kisiwa. Zamani vifaa vya nyumba vilipotoka katika mikoko, minazi na udongo wa hapo hapo, mtu alijenga kwa mikono ya jamaa zake na hakumlipa mjenzi ujira mkubwa. Kila kifaa kilichokuja kwa kuvuka maji kilimleta pia mtu anayekijua, na mtu huyo alitaka malipo.

Nyumba ya miti na udongo ina umri mkubwa Pemba. Wanaakiolojia waliochimba Tumbe, kaskazini ya kisiwa kikuu, walikuta mabaki mengi ya udongo uliokandikwa kwenye nyumba za kijiji kilichokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Hata Chwaka, mji uliokuja baadaye jirani na Tumbe na uliokuwa na misikiti ya mawe, wakazi wengi waliishi katika nyumba za udongo. Jiwe lilianza kwa ibada na kwa wachache wenye uwezo.

Nyumba ya namna hiyo ilianzia kwenye mikoko. Nguzo zilikatwa kwenye mkoko au mkandaa, miti migumu ambayo mchwa huishinda kwa tabu, kisha zikachimbiwa chini kwa safu. Fito zilifungwa kwa ndani na nje ya nguzo, na fundo lilikuwa la kamba ya makumbi, si msumari. Makumbi ya nazi yalifukiwa ufukweni kwa miezi mpaka yakaoza, yakapondwa, na nyuzi zake zikasokotwa. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake, kama ilivyokuwa kazi ya kusuka makuti na kuteka maji ya kukandia udongo. Wanaume walisimamisha mwamba, wakapanga makombamoyo na kufunga pau, kisha wakaezeka. Udongo ulijazwa kati ya fito na kulainishwa kwa kiganja. Siku ya kuezeka, mwenye nyumba alipika, na aliyekula hapo alijua kwamba zamu yake ya kupika nayo itafika.

Ndani ya ujima huo fundi alikuwepo. Paa la makuti likilazwa mno, mvua ya masika hupenya. Likisimama mno, hula makuti mengi na upepo hulikamata. Aliyejua kipimo hicho aliitwa kila penye nyumba mpya, na vipimo vyake vilikuwa mwili wake mwenyewe: shibiri, dhiraa, pima. Alipewa chakula na kitu kidogo, na heshima. Kumwita hakukuhitaji mashauriano marefu, kwa sababu kazi zake zote zilikuwa mbele ya macho ya watu. Paa lililovuja lilijulikana kisiwa kizima kabla mvua haijaanuka, na huo ulikuwa ukaguzi mkali kuliko mwingi uliokuja baadaye.

Nyumba ya mawe ilihitaji mpango mwingine. Mawe ya matumbawe yalichongwa, lakini kazi kubwa ilikuwa chokaa. Magogo yalipangwa kwa duara, mawe yakarundikwa juu yake, na tanuri likachomwa mpaka mawe yakageuka unga mweupe. Unga huo haukutumiwa siku ile. Uliachwa unyeshewe na kupoa kwa miezi, kwani chokaa mbichi hupasua lipu. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima chumba: vyumba vya nyumba kongwe za mwambao ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti haikuzidi sana mita 3.

Kazi nzito kama hiyo ilifanywa kwa amri pale palipokuwa na mwenye amri. Masimulizi ya Pemba juu ya Mkama Ndume, mtawala wa ngome ya Pujini, yanamtaja kama mtu aliyewatumikisha raia kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Iwe ilitokea hivyo au la, watu wameihifadhi habari hiyo kama kumbukumbu ya ujenzi usio na ujira. Karne ya 19 ilikuwa na uonevu wake. Dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba ikiongoza kwa karafuu, na watumwa ndio waliobeba mzigo wa mashamba hayo. Katika miji ya mwambao wapo watumwa wenye ufundi waliotumwa kufanya kazi kwa wengine na kurejesha sehemu ya malipo kwa mabwana zao. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kufuta hadhi ya utumwa Zanzibar, mwashi aliyekuwa mtumwa aliweza kupatana bei ya kazi yake mwenyewe. Kwa historia ya ajira ya ujenzi, hakuna tarehe kubwa kuliko hiyo.

Mapatano yenyewe yalikuwa na sheria yake. Madhehebu ya Shafii, ambayo makadhi wa mwambao waliyafuata kupitia vitabu kama Minhaj ya Imam Nawawi, yanataka kazi ijulikane na ujira ujulikane kabla ya kuanza. Fundi aliweza kulipwa kwa kutwa, au akachukua kazi nzima kwa bei moja. Alipewa arubuni mbele ya mashahidi, na kuchelewesha ujira wa mtu aliyekwishamaliza kazi kulihesabiwa kuwa dhambi. Kijana aliyejifunza alimfuata fundi kwa miaka, akichanganya udongo na kubeba mawe, na alipofuzu alimtolea mwalimu wake kilemba. Kabla ya nyumba kukaliwa palisomwa dua, na wapo waliozindika kwa fingo lililofukiwa chini.

Mabadiliko makubwa yalianzia juu. Bati liliingia kidogo kidogo badala ya makuti, na kwa maskini wa miji madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa yalifanya kazi ya bati. Kisha ikaja saruji. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza kuzalisha mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Saruji ikaacha kuwa bidhaa ya meli za mbali tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume ilijenga majumba ya ghorofa Michenzani, Unguja, na pia katika miji ya Pemba, ikiwemo Mkoani. Zege, nondo na lenta vikawa vitu vya kuonekana kwa macho upande wa pili wa maji.

Nyumba ya tofali la saruji iliuvunja ujima wa zamani. Jirani aweza kufunga fito bila kufundishwa sana, lakini hawezi kushika timazi na pima maji bila kujifunza. Hapo mwenye nyumba akawa mwajiri, tena wa vipande: fundi wa msingi na kuta, fundi wa kenchi na bati, fundi wa plasta, na umeme ulipoenea, fundi wa waringi. Fedha nazo zilikuja kwa vipande, za msimu wa karafuu, za samaki, au za jamaa aliye Unguja, Tanga au Maskati. Mtu alijenga msingi, akangoja. Akapandisha boma, akangoja tena. Mapatano yakafuata mtindo huo huo, kila hatua na bei yake, na fundi wa hatua ya kwanza pengine hakuwa wa hatua ya mwisho. Kasoro ikijitokeza, ni vigumu kumjua mwenye kosa.

Kwa kisiwa kidogo kama Panza kuna hatari ambayo macho hayaioni. Mchanga wa ufukweni upo karibu na hauna nauli, na maji ya kisima huweza kuwa na chumvi. Tofali na zege vilivyochanganywa kwa vitu hivyo husimama vizuri siku za mwanzo. Baadaye chumvi huila nondo ndani ya lenta. Chuma kinapopata kutu huvimba, huipasua zege na kuimenya. Nyumba ya fito iliyooza ilijionyesha mapema na kurekebishwa kwa kamba, ilhali hii huficha ugonjwa wake kwa miaka. Bahari kwa upande wake imekuwa ikiingia katika ardhi ya kilimo ya Kisiwa Panza na kuharibu mabonde ya mpunga, kwa hiyo pahala pa kuchimba msingi pamekuwa jambo la kupimwa kwa makini kuliko zamani. Ufundi wa kuchagua mchanga, kuuosha kwa maji baridi na kuiacha nondo mbali na uso wa zege unastahili kulipiwa.

Sheria iliwafikia wajenzi kupitia mjini. Amri ya Zanzibar ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1955 ilisimamia ujenzi katika maeneo yaliyotangazwa, na nyumba ya mvuvi wa kisiwani ilibaki nje ya macho yake. Tanzania Bara ilitunga Sheria Na. 35 ya mwaka 1972 iliyowahusu wasanifu, wakadiriaji na wakandarasi, kisha Sheria Na. 17 ya mwaka 1997 iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, inayowapanga kwa madaraja hadi la saba. Ujenzi si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar husimamia usajili kwa vyombo vyake. Mafunzo nayo yametoka begani mwa fundi mkuu na kuingia darasani, kama katika kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji, Pemba. Sheria ya Misitu ya Zanzibar, Na. 10 ya mwaka 1996, imeubana ukataji wa mikoko, na hivyo hata anayetaka kujenga kama babu yake sasa anahitaji kibali kwa nguzo zake.

Mkandarasi aliyesajiliwa huvuka maji kwa kazi za umma, zenye zabuni, michoro na msimamizi. Nyumba ya mtu binafsi bado ni ya fundi anayejulikana, kwa bei ya hatua, arubuni na mashahidi. Palipoandikwa karatasi, sheha, kiongozi wa shehia, huombwa kuishuhudia, na karatasi hiyo hutaja kazi na ujira, mambo mawili ambayo makadhi waliyataka tangu zamani.