‘7 Seconds’: Kibao cha ndimi tatu kilichotikisa Ulaya

Katika kiangazi cha mwaka wa 1994, wasikilizaji wa redio nchini Ufaransa walianza kusikia wimbo wa mwendo wa taratibu, wenye kinanda kilichotandazwa kama ukungu wa alfajiri na mdundo uliojificha kwa mbali. Kisha sauti kali ya mwanamume ikapaa na kuimba kwa lugha ambayo wengi wao hawakufahamu hata neno lake moja. Lugha hiyo ilikuwa Kiwolofu. Haukupita muda kabla ya wimbo huo kushika nafasi ya kwanza katika chati ya nchi hiyo, na ukakaa hapo majuma 16 mfululizo. Hiyo ilikuwa rekodi mpya nchini humo.

Wimbo wenyewe ni ‘7 Seconds’, na waimbaji wake ni Youssou N’Dour wa Senegal na Neneh Cherry, mzaliwa wa Sweden. Wako mashabiki ambao hadi leo huupiga harusini wakidhani ni wimbo wa mapenzi. Sivyo. Cherry alipata kueleza kuwa sekunde saba zinazotajwa ni zile za mwanzo kabisa katika maisha ya mtoto mchanga, kabla hajajua lolote kuhusu dhiki na ukatili wa dunia aliyozaliwa ndani yake. Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, maana hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Wimbo huo ulivuma mwaka ule ule ambao mauaji ya kimbari yalitokea Rwanda, ingawa haukutungwa kwa ajili ya maafa hayo.

Ili kufahamu jinsi Kiwolofu kilivyofika kileleni mwa chati za Ulaya, yafaa kuanzia Medina, mtaa wa watu wa kawaida jijini Dakar. N’Dour alizaliwa huko Oktoba 1, 1959. Baba yake alikuwa fundi wa magari, na upande wa mama ulikuwa ukoo wa manju, wale waimbaji wa jadi ambao kazi yao tangu enzi za wafalme ilikuwa kuhifadhi nasaba na kusifu au kukosoa wakubwa. Baba hakupenda mwanawe awe mwanamuziki. Hata hivyo, damu ya mama ilishinda. Tangu utotoni kijana huyo aliimba kwenye sherehe za jando, na alipofikia umri wa miaka 16 alikuwa tayari na bendi ya Star Band, iliyokuwa ikitumbuiza katika klabu mashuhuri ya Dakar.

Siku hizo, muziki uliotawala kumbi za Senegal ulikuwa wa Kikuba, na waimbaji waliiga hata Kihispania wasichokielewa. N’Dour na wenzake wa kizazi chake waliugeuza mkondo. Waliingiza ngoma za sabar na ile ngoma ndogo ya kwapani iitwayo tama, wakaimba kwa Kiwolofu, na mtindo huo ukaitwa mbalax. Mwaka wa 1979 lilizaliwa kundi la Étoile de Dakar, na baadaye likaja Super Étoile, bendi iliyoandamana naye kwa miongo mingi.

Mwingereza Peter Gabriel alivutiwa na sauti yake akamshirikisha katika wimbo ‘In Your Eyes’ wa mwaka wa 1986. Miaka miwili baadaye, N’Dour alizunguka dunia katika ziara ya Amnesty International ya kutetea haki za binadamu, jukwaa moja na Gabriel, Bruce Springsteen, Sting na Tracy Chapman. Ziara hiyo ilifika Harare na Abidjan. Jina lake likawa linajulikana kila mahali, lakini kujulikana ni jambo moja na kuuza santuri ni jambo jingine. Albamu zake za 1989 na 1990 zilisifiwa sana na waandishi bila ya kuuzika kama ilivyotarajiwa, na kampuni iliyozitoa ikaachana naye. Ile ya 1992, ‘Eyes Open’, ilitolewa chini ya nembo ya mtengenezaji filamu Mmarekani, Spike Lee. Kwa hiyo, alipokuwa akiandaa albamu iliyofuata, ‘The Guide (Wommat)’, N’Dour alikuwa mtu mwenye sifa tele na ambaye bado alidaiwa mauzo.

Cherry alikuwa na kisa tofauti kabisa. Alizaliwa Stockholm mnamo Machi 10, 1964. Mama yake, Moki, alikuwa msanii wa uchoraji na vitambaa. Baba yake mzazi, Ahmadu Jah, alikuwa mpiga ngoma kutoka Sierra Leone. Aliyemlea na kumpa jina la ukoo ni baba yake wa kambo, Don Cherry, mpiga tarumbeta Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa magwiji wa jazi. Binti huyo akakua akihama kati ya kijiji cha kusini mwa Sweden na jiji la New York, akahamia London akiwa bado msichana, na huko akajitosa katika makundi ya muziki wa punk. Kibao chake ‘Buffalo Stance’ cha mwaka wa 1988 kilimfanya nyota, naye alizua gumzo kwa kupanda kwenye jukwaa la televisheni ya Uingereza akiwa na mimba kubwa na nguo za kubana, wakati ambapo wanawake wajawazito katika burudani walitarajiwa kujificha.

Waimbaji hao wawili ndio wanaokumbukwa, lakini watunzi walioandikishwa ni wanne. Wawili waliobaki ni Cameron McVey, mume wa Cherry, na Jonathan Sharp, aliyefahamika studioni kwa jina la Jonny Dollar. Wote wawili walikuwa na mkono katika ‘Blue Lines’, albamu ya kwanza ya kundi la Massive Attack iliyotoka mwaka wa 1991. Albamu hiyo ndiyo iliyoufundisha muziki wa Uingereza kwenda polepole, midundo ya kufoka ikipunguzwa mwendo na kuachiwa nafasi ya kupumua. Anayesikiliza ‘7 Seconds’ kwa makini ataitambua alama yao. Mbalax ni muziki wa kasi, ngoma zake hugombana na kujibizana kama wanawake sokoni. Katika wimbo huu hakuna hata chembe ya vurumai hiyo. Watu hawa walimtoa N’Dour katikati ya ngoma zake, wakamweka peke yake kwenye uwanja mtupu, na sauti ikabaki ndiyo ala.

Jambo ambalo hawakumwondolea ni lugha yake. Anafungua wimbo kwa Kiwolofu, Cherry anaingia kwa Kiingereza, na katikati N’Dour anaimba kwa Kifaransa juu ya tamaa ya kusahau rangi za ngozi. Hakuna anayemtafsiria mwenzake. Mpangilio huo una busara zaidi ya unavyodhihirika mara ya kwanza. Lau Kiwolofu kingewekwa mwishoni, kingekuwa pambo tu. Kwa kuwekwa mwanzoni, msikilizaji wa Paris au London alilazimika kuingia nyumbani kwa mwenye wimbo kabla ya kupewa kiti.

Kiswahili nacho kilipata kusafiri hivyo, ila kwa mlango mwingine. ‘Jambo Bwana’ ya Them Mushrooms, iliyotoka mwaka wa 1982, ilienea duniani baada ya kuimbwa pia na kundi la Boney M, lakini maneno yake yalikuwa ya kumkaribisha mtalii, na mtalii huelewa salamu. N’Dour hakuwa akimkaribisha mtu yeyote. Alikuwa akilalamika.

Video yake, iliyoelekezwa na Mfaransa Stéphane Sednaoui kwa picha nyeusi na nyeupe, iliwaonyesha watu wa kila aina wakipita mbele ya kamera, nayo ilirushwa mara nyingi sana na vituo vya muziki. Nchini Uingereza wimbo ulifika nafasi ya tatu, na Uswisi ukashika ya kwanza. Novemba 1994, MTV ilipoandaa jijini Berlin tuzo zake za kwanza za Ulaya, ‘7 Seconds’ ulitangazwa kuwa wimbo bora. Marekani pekee ndiko ulikopita bila kishindo.

Dakar ilikuwa na hesabu zake. Kwa miaka mingi N’Dour aliendesha shughuli mbili sambamba: kanda za kaseti zenye mbalax kali kwa soko la nyumbani, na albamu zilizolainishwa kwa ajili ya ng’ambo. Sekunde saba zilizoteka Ulaya zilikuwa za shughuli hii ya pili, na mashabiki wake wa Medina waliendelea kudai ngoma zao. Ni vigumu kumlaumu. Katika Januari ya mwaka huo huo wa 1994, faranga ya CFA ilikuwa imepunguzwa thamani kwa nusu mbele ya faranga ya Ufaransa. Msanii aliyelipwa kwa fedha za kigeni aliweza kufanya nyumbani mambo ambayo wenzake hawakuyaweza. Miaka iliyofuata N’Dour alikuwa tajiri wa vyombo vya habari mwenye gazeti, redio na, kuanzia mwaka wa 2010, kituo cha televisheni.

Mkataba wake na kilele cha chati za pop haukudumu. Hakupata tena kibao cha ukubwa huo, na hakuonekana kukitafuta. Albamu iliyompa tuzo ya Grammy mwaka wa 2005 ilikuwa ‘Egypt’, ya kuwasifu mawalii wa Kiislamu wa Senegal, iliyoimbwa pamoja na wanamuziki wa Cairo. Januari 2012 baraza la katiba lilimzuia kuwania urais, na baada ya uchaguzi aliteuliwa waziri wa utamaduni na utalii katika serikali mpya ya Macky Sall. Mzao wa manju akawa anasifiwa badala ya kusifu.

Cherry aliurudia wimbo huo katika albamu yake ‘Man’ ya mwaka wa 1996, kisha akanyamaza kwa muda mrefu bila kutoa albamu yake mwenyewe. Mwaka huo huo alijifungua Mabel, ambaye naye aligeuka mwimbaji na kutwaa tuzo ya BRIT mwaka wa 2020. Kitabu cha Cherry kuhusu maisha yake, ‘A Thousand Threads’, kilichapishwa mwaka wa 2024. Jonny Dollar hakuyaona hayo. Alifariki kwa saratani mwezi Mei 2009 akiwa na umri wa miaka 45.