Kipindupindu: Ugonjwa unaoua kwa saa chache, tiba yake ya kwanza iko jikoni

KIPINDUPINDU ni miongoni mwa magonjwa machache ya kuambukiza yanayoweza kumkuta mtu akiwa mzima wa afya asubuhi na kumuua kabla ya jua kuzama. Wakati huo huo ni miongoni mwa magonjwa yanayotibika kwa wepesi na kwa gharama ndogo. Ugonjwa ukiwa mkali na usipotibiwa, huweza kuua hadi nusu ya walioupata. Wakihudumiwa mapema, wanaokufa huwa chini ya mmoja katika kila wagonjwa 100.

Husababishwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, mwenye umbo lililopinda kama alama ya mkato. Aina zake ni nyingi, lakini zinazoleta milipuko ni mbili, O1 na O139, na ya kwanza ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Bakteria huyo huweza kuishi katika maji ya mito na ya pwani yenye chumvi kidogo, ndiyo maana ugonjwa haumaliziki kwa kuwatibu wagonjwa peke yao.

Njia ya maambukizi ni moja, nayo ni mdomo. Kwa lugha isiyo na haya, anayeugua kipindupindu amekula au kunywa kitu chenye kinyesi au matapishi ya mtu mwingine, ingawa kwa macho hakuona uchafu wowote. Huenda ni maji ya kisima kilichochimbwa karibu na choo cha shimo, barafu iliyogandishwa kwa maji yasiyochemshwa, tunda lililomenywa na kuachwa wazi, au wali uliopoa na kutuliwa na nzi. Msibani nako kuna hatari, hasa pale wanaoosha maiti ya aliyekufa kwa ugonjwa huu ndio hao hao wanaogawa chakula.

Dalili hujitokeza kati ya saa 12 na siku tano baada ya kuambukizwa. Mgonjwa huharisha mfululizo choo cha majimaji kinachofanana na maji ya mchele, hutapika, hukauka midomo, macho hudidimia na misuli hukaza. Anayeugua sana anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Wengi wa walioambukizwa, hata hivyo, hawaoni dalili yoyote au huharisha kidogo tu, na bado hutoa vimelea katika choo chao kwa siku moja hadi kumi. Hao ndio wanaousafirisha ugonjwa kutoka mtaa hadi mtaa bila kujua.

Kinachoua si bakteria mwenyewe, ambaye hata hapenyi kuta za utumbo, bali ni sumu anayoitoa. Sumu hiyo huzifanya chembe hai za utumbo zimwage chumvi, nayo chumvi huvuta maji ya mwili nyuma yake. Damu hupungua maji, figo husimama na moyo hushindwa. Lakini upo mlango mmoja ambao sumu hiyo haiufungi: chumvi na sukari zikifika pamoja kwa kiasi kinachostahili, utumbo huendelea kuzifyonza, na maji hufuata.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi huko Bongaon, India. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji safi na kuwaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka hadi takriban watatu katika kila wagonjwa 100. Madaktari wengi wa wakati huo walikuwa hawaamini kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kuokolewa kwa kikombe.

Nyumbani, pakiti ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini isipopatikana, mchanganyiko huo hutengenezwa kwa vijiko sita vya chai vya sukari, visivyojaa kupita ukingo, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, katika lita moja ya maji safi na salama. Vipimo vifuatwe, kwani chumvi ikizidi humdhuru mgonjwa, hasa mtoto. Anayetapika asubiri dakika kama kumi, kisha aendelee kunywa kidogo kidogo akiwa njiani kwenda kituo cha afya. Aliyelegea kiasi cha kushindwa kunywa anahitaji dripu, na mtoto anayenyonya asiachishwe ziwa. Ile imani kwamba anayeharisha anyimwe maji ili tumbo lifunge imezika watu wengi.

Pwani ya Afrika Mashariki inaufahamu ugonjwa huu tangu karne ya 19, ulipokuwa ukifuata majahazi na misafara ya biashara. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko hiyo. Wimbi la saba la dunia lilianzia Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na Tanzania iliripoti wagonjwa wake wa kwanza wa wimbi hilo mwaka 1974.

Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Bara na kuvuka hadi Zanzibar, na kabla ya mwaka kupita, zaidi ya watu 20,000 walikuwa wameugua. Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba mwaka huo na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi.

Kila mlipuko unapozuka mijini, watu wa kwanza kuandamwa ni mama lishe na wauza matunda. Hatua hiyo ina sababu zake, lakini ndiyo nyepesi kuliko zote. Katika makazi yasiyopimwa, gari la kunyonya majitaka halipiti, na masika yakianza wapo wanaotapisha vyoo ili mvua ichukue. Kinachotoka humo huishia kwenye visima na mabomba yaliyopasuka ya wote, na mwenye nyumba ya ghorofa anayenunua maji ya boza hawezi kuwa na hakika yalichotwa wapi.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kabisa au yatiwe dawa ya klorini, kisha yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko. Kuyachota kwa kikombe cha mkononi hurudisha kile moto ulichokiondoa. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika au kula.

Chanjo ya kunywa nayo ipo. Zanzibar iliitumia mwaka 2009 Unguja na Pemba, na utafiti uliofuata ulionyesha kuwa ilipunguza hatari ya kuugua kwa takriban asilimia 79 kwa waliopata dozi zote mbili. Oktoba 2022, milipuko ilipozidi akiba ya dunia, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walilazimika kugawa dozi moja badala ya mbili. Malawi ilikuwa katikati ya mlipuko mbaya kuliko wote katika historia yake, ulioua zaidi ya watu 1,700.