Affinity
Affinity ni nomino ya Kiingereza iliyotokana na Kilatini *affinitas*, ambayo asili yake ni *finis*, "mpaka", ikapitia Kifaransa cha kale. Maana yake ya kwanza ni ukwe: undugu unaoletwa na ndoa, si damu. Undugu huo ulikuwa na uzito wa kisheria. Jedwali la Askofu Mkuu Matthew Parker la mwaka 1563 liliwakataza Waanglikana wa Uingereza kuoa mama mkwe, hata dada wa mke aliyefariki. Katazo hili la pili liliondolewa na sheria ya 1907. Katika kemia, neno hutaja mwelekeo wa dutu kuungana na nyingine, na Étienne François Geoffroy alipanga jedwali la miungano hiyo mwaka 1718. Maana iliyoenea zaidi leo ni mvuto au ufanano.